Ndio nina digrii, na ndio bado nafundisha darasa la kwanza

Tangu nimalize chuo swali ni lile lile, iwe kikao cha kata, iwe msibani, iwe ndani ya hiace: "Madam hongera sana, sasa unahamia sekondari ipi?" Nikisema sihami popote, nabaki na darasa la kwanza langu, mtu ananiangalia akihisi kuna jambo limenipata ila naficha. Mwingine anashusha sauti kabisa, "usijali mwalimu, Mungu atafungua njia." Njia gani jamani, wakati nilipo ndipo nilipopataka.

Sasa kwa vile walimu wenzangu wa cheti wananitumia sana meseji kuuliza kama kusoma digrii ukiwa msingi kuna faida au ni kujitesa bure, nimeona niandike mara moja yaishe.

Hii fikra kwamba digrii ni ya kutokea msingi haikuja hivi hivi. Shule za kata zilipoanza kuota kila kona kuanzia 2006 hivi, walimu hakuna, basi mwalimu wa msingi akienda kusoma akarudi na digrii anachukuliwa fasta sekondari, na tuliobaki tukazoea kwamba msingi ni stendi tu, watu wamekaa wanasubiri basi. Hata vyuo vyenyewe, DUCE na MUCE, vile vyuo vikuu vishiriki vya elimu vya Dar na Mkwawa, zilianzishwa 2005 lengo likiwa walimu wa sekondari. Alafu mambo yakageuka. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika mpaka wengine wanakaa chini, na huku sekondari wakaonekana walimu wa masomo ya sanaa wamezidi, basi miaka hiyo hiyo wakahamishiwa kwetu, na wengi walikuja na uso wa mtu aliyepewa adhabu.

Shuleni kwetu alikuja mmoja wa History na Kiswahili. Kijana mzuri tu, ana digrii yake safi, Vita ya Majimaji anakusimulia mpaka unasisimka. Mkuu akampa darasa la pili, kipindi cha kuandika. Haikufika nusu kipindi akatoka nje na chaki mkononi akaja mlangoni kwangu, "Madam samahani, hivi mtoto anashikishwaje penseli?" Wenzangu walicheka ila mi sikuona cha kuchekesha, maana huyu mtu amesoma miaka mitatu chuo kikuu, hakuna hata siku moja aliyofundishwa mtoto wa miaka sita anashikaje penseli, na kosa sio lake. Digrii ya kufundisha sekondari na digrii ya kufundisha msingi ni kazi mbili tofauti, yaani tofauti kabisa, na mpaka hili lieleweke tutaendelea kupongezana kwa kuhama.

Njia yangu ilikuwa ndefu kidogo. Nilianza na cheti, Grade A kama tunavyoita wenyewe, nikapangiwa huku usukumani. Kutoka cheti huwezi kurukia digrii moja kwa moja, wanataka uwe na principal pass (ufaulu wa somo zima) mbili za form six au diploma, na kama ni diploma ya ualimu basi wastani uwe B. Form six yangu sio ya kuonyesha watu (tuachane nayo), kwa hiyo nikapitia diploma kwanza ndo nikaomba digrii ya elimu ya msingi, kwa masafa, huku nafundisha. Ruhusa ya mwajiri unaomba hata kama husogei kituo chako cha kazi, msidharau hilo, barua ipite kwa mwalimu mkuu mpaka kwa mkurugenzi na uhifadhi kopi yenye muhuri.

Hela sasa. Bumu, yaani hela ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, sahau. Mkopo wa bodi ni wa watu wasio na ajira, sisi tunajisomesha, na kwa mwalimu kujisomesha maana yake ni mkopo wa benki juu ya makato mengine uliyonayo, salari slipu inabaki mifupa. Laptopu niliazima kwa shemeji yangu, bando la usiku ndo la kudaunilodia madesa, na asaimenti nilikuwa naandika watoto wangu wakishalala, umeme ukikatika naendelea na simu mpaka chaji iishe. Siwezi kuwadanganya kwamba ni rahisi. Kuna wenzangu tulianza nao waliishia njiani, na sio kwamba hawana akili, ni uchovu tu na ada.

Lakini nije kwenye faida yenyewe, maana hapa ndo watu hawanisikilizi, wanataka niseme mshahara.

Hesabu za kutoa. Chuo cha cheti walitufundisha kutumia vizibo vya soda na vijiti, na kila mwalimu wa darasa la kwanza anatumia. Mtoto unampa vizibo 12, unamwambia ondoa 5, anahesabu vilivyobaki, 7, vizuri kofi moja. Kesho yake unaandika ubaoni 12 - 5 = mtoto yule yule ananyamaza kimya. Unamwita mvivu, unarudi kwenye vizibo, anapata, unarudi ubaoni, hapati, na hivyo hivyo mpaka muhula unaisha. Sasa kwenye digrii tukakutana na Bruner, Mmarekani wa saikolojia aliyeandika mambo haya miaka ya 60, anasema mtu anaelewa kitu kwa kukishika kwanza, kisha kwa kukiona kama picha, kisha ndo kwa alama. Nikakaa nikafikiria darasa langu, nikaona katikati hapo pana shimo. Sisi tunatoka kwenye kushika tunarukia kwenye alama, picha hatuna.

Kwa hiyo siku hizi kati ya vizibo na ubao kuna kipindi kirefu cha kuchora. Mtoto anachora viduara 12 kwenye daftari, anakata 5 kwa penseli, anahesabu ambavyo havijakatwa. Hakuna zana, hakuna gharama, ni daftari lile lile. Na sikimbilii alama. Kuna katoto kamoja kanakaa dawati la mbele, nikaandika 12 - 5 ubaoni makusudi bila kuwaambia wachore, kakainamia daftari, kidole kinatembea kwenye karatasi tupu, kanakata hewani, moja, mbili, tatu, nne, tano, alafu kakainua uso, "saba mwalimu." Picha ilishahamia kichwani. Mi hicho tu kilinilipa ada ya mwaka ule.

Kingine ni l na r. Watoto wangu wengi nyumbani wanaongea Kisukuma, na Kisukuma hakina sauti ya r, kwa hiyo mtoto anakuja shule anaandika "lafiki", anaandika "lula" mbele ya rula yenyewe ipo mezani. Zamani dawa ilikuwa kiboko. Kozi ya lugha ya mtoto ndo ikanionyesha kwamba unamwadhibu kwa kitu ambacho sikio lake halijaanza kukitenganisha, ataandikaje tofauti asiyoisikia? Basi naanzia sikioni, hakuna kuandika. Natamka kula, kura, bara, bala, wao wakisikia r wanasimama, wakisikia l wanakaa, ni mchezo tu, wanapiga kelele mpaka darasa la jirani wanalalamika, ila baada ya muda kwenye daftari r zinaanza kujitokeza zenyewe. (Kuna walimu wenzangu pia wanaohitaji huu mchezo, sitaji mtu, mnajijua mnaoenda kupiga "kula" kila uchaguzi.)

Na Vygotsky, yule Mrusi aliyefariki 1934 akiwa bado kijana kabisa, hoja yake ni kwamba kuna mambo mtoto hawezi peke yake ila anaweza akisaidiwa na anayemzidi kidogo, na hapo ndo pa kumfundishia. Ukiwa na watoto zaidi ya mia wakati kiwango rasmi ni 45 kwa mwalimu mmoja huwezi kumsaidia kila mtu, huo ndo ukweli. Ila dawati moja lina watoto wanne, wengine watano. Napanga anayesoma silabi akae na anayesoma irabu tu, asikae na anayesoma kitabu kizima, maana anayemzidi sana hamsaidii, anamsomea.

Ila jamani digrii haikufundishi kila kitu, tusidanganyane. Kuandika ubaoni herufi zenye umbo moja kuanzia mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kufunga watoto midomo bila kupiga kelele, kujua kwa kumtazama tu kwamba huyu leo hajala, haya sikuyakuta kwenye moduli yoyote. Aliyenifundisha ni bibi mmoja mwalimu wa UPE (mpango wa elimu ya msingi kwa wote), wale waliopikwa vijijini baada ya Azimio la Musoma la 1974, yeye elimu yake darasa la saba. Nilipoanza kazi alikuwa anakaribia kustaafu, akaniambia "mwanangu, nusu ndani nusu nje", yaani nusu ya darasa unawaacha ndani na kazi ya kuandika, nusu unawatoa chini ya mwembe wanapanga herufi kwa vijiti mchangani, alafu unabadilisha. Mpaka leo nafanya hivyo. Wasomi wangemwandikia pepa nzima yule bibi.

TP, yaani mazoezi ya kufundisha, nayo nina dukuduku nalo. Siku ya kukaguliwa alikuja mhadhiri kutoka chuoni, fomu yake imeandaliwa kwa ajili ya sekondari, ananiuliza masomo yangu mawili ya kufundishia ni yapi. Nikamwambia mzee, huku ni darasa la kwanza, nafundisha yote. Akakaa kile kiti kidogo cha nyuma, magoti yanamfika kidevuni, akaangalia kidogo akaondoka, maoni aliyoandika ni kwamba mwalimu apunguze kuimba. Darasa la kwanza! Nisipoimba watoto mia na zaidi nitawahamishaje kutoka kusoma kwenda kuhesabu, kwa barua?

Haya, mshahara, najua mnausubiri. Muundo unajulikana: mwenye cheti anaanza Daraja la IIIA, TGTS B (TGTS ni ngazi za mshahara wa walimu serikalini), mwenye diploma IIIB, TGTS C, mwenye digrii IIIC, TGTS D. Kwa anayeanza kazi tofauti ni kubwa. Ila kama wewe ni wa cheti na umekaa kazini mpaka umepanda madaraja ukafika D kwa miguu yako, usipige hesabu kwamba digrii itakurusha, unaweza ukamaliza chuo ukajikuta pale pale, ulichobadilisha ni kada na pa kuelekea huko mbele. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu nenda kakae na afisa utumishi mpige hesabu pamoja, umuulize na kubadilishiwa muundo kunataka nini, maana karatasi zinazungushwa na usipofuatilia zinakaa.

Na soma jina la kozi vizuri. Kuna Bachelor of Education ya saikolojia, ya sera na mipango, ya elimu ya watu wazima, zote zina heshima yake, ila kama unataka kubaki darasani na wadogo angalia iliyoandikwa elimu ya awali au ya msingi, usichukue kwa sababu shosti wako kachukua. Hasa sasa hivi, mtaala mpya umeanza 2024 na awali, la kwanza na la tatu, msingi unaenda kuwa miaka sita, kwa hiyo mtoto asiyejua kusoma tutakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kumkimbiza.

Wale mnaouliza masters ni lini: nimalizane na benki kwanza.