Kuupoza ubongo mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake, na kwa kuwa hauna akiba ya kutosha, dakika chache bila damu zinatosha kuuharibu. Ndiyo maana baridi imewavutia wataalamu wa usingizi tangu zamani: joto likishuka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, mahitaji ya ubongo hupungua kwa takribani asilimia 6 hadi 7. Thiopentali, dawa ya usingizi, nayo huyapunguza mahitaji hayo, ila kwa kuzima shughuli za umeme za ubongo. Umeme ukishatulia kabisa, kuongeza dozi hakupunguzi zaidi, ilhali baridi hugusa hata nishati ile ambayo seli huitumia ili ibaki hai tu.

Hoja ni nzuri, na pengine uzuri wake ndio uliotufanya tuiamini mapema mno. Utafiti wa IHAST, uliochapishwa mwaka 2005, ulihusu wagonjwa 1,001 waliopasuliwa kwa sababu ya mshipa wa ubongo uliovimba na kupasuka. Baadhi walipozwa hadi nyuzi 33, wengine wakaachwa kwenye 36.5. Baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti ya maana katika hali zao, na bakteria katika damu walionekana zaidi kwa waliopozwa. Baridi ina madhara yake: damu huchelewa kuganda, dawa hukawia kutoka mwilini, na mgonjwa akiamka anatetemeka, misuli yake hudai oksijeni kwa wingi. Kwa maoni yangu, kuzuia homa kuna maana zaidi kuliko kumpoza kila mgonjwa.

Mahali ambapo baridi imenishawishi ni padogo sana. Katika upasuaji ambao mgonjwa huamshwa ili azungumze, daktari hugusa uso wa ubongo kwa umeme hafifu akitafuta sehemu za lugha na mwendo, na mara nyingine kidole huanza kurukaruka, kisha mkono mzima: degedege limeanza. Hapo humiminwa maji ya Ringer (maji ya chumvichumvi ya hospitali) yaliyopozwa kwa barafu moja kwa moja juu ya ubongo, na mara nyingi mrukoruko hukoma ndani ya sekunde chache. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, ingeweza kulizima pia, lakini mgonjwa angesinzia, majaribio ya lugha yangekatizwa, na pumzi yake ingeweza kudhoofika huku kichwa kimebanwa na hana mpira wa kupumulia kooni.