Chupa Moja, Nakuru hadi Dunga

Nera, ndugu yake mama, alinipigia simu siku ya Jumatano. Alikuwa amestaafu ualimu, Jumamosi kungekuwa na chakula kidogo nyumbani kwake Dunga, kando ya ziwa pale Kisumu, na kila mtu alikuwa ameshapewa mzigo wake. "Wewe wa Nakuru niletee mvinyo," akasema. "Lakini wa kwetu. Hizi tamutamu za Afrika Kusini zimenichosha."

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nakuru maduka ya pombe hayahesabiki, na karibu kila moja limeandikwa mvinyo juu ya mlango, tena neno la kwanza kabisa, kabla ya pombe kali. Ukiingia ndani mambo yanageuka. Unasimama mbele ya vyuma kama mtu aliyekuja kumwona mahabusu, na nyuma ya vyuma hivyo zimepangwa robo za jini na vodka, zile za kutia mfukoni, kwa sababu ndizo zinazotoka. Mvinyo wenyewe uko rafu ya juu, umelaliwa na vumbi. Chupa chache zilizopambwa dirishani zimepigwa na jua la mchana hadi karatasi zimepauka. Hizo usinunue hata ukipunguziwa bei. Joto na mwanga vimeshaumaliza mvinyo ndani, na utakachomimina kitakuwa na ladha ya tunda lililopikwa likasahaulika jikoni.

"Uko na mvinyo wa Naivasha?" nikamwuliza kijana wa duka la kwanza.

"Naivasha kuna mvinyo?"

"Kuna zabibu."

Akafikiri kidogo. "Bosi, chukua tu Four Cousins. Hiyo hata mama wa kanisa anakunywa."

Sikumcheka. Wengi wetu tunapita Naivasha tukifikiria maua na samaki. Mji ule uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mchana jua, usiku baridi, na hivyo zabibu inapata utamu bila kupoteza uchachu wake. Tatizo ni kwamba mzabibu umezoea kulala majira ya baridi, na huku kwetu karibu na ikweta hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza, kwa makasi: anaupogoa, unapumzika, kisha unachipua upya. Mvinyo wa huko niliokuwa nautafuta, Leleshwa, umepewa jina la kichaka cha Bonde la Ufa chenye majani ya kijivu yanayonukia kafuri. Wamaasai huyaweka majani hayo kwapani kuondoa harufu. Sijui ni kampuni gani nyingine ya mvinyo duniani ingethubutu jina la namna hiyo; mimi nalipenda.

Duka la pili hakuna. La tatu waliniletea mvinyo wa boksi. La nne lilikuwa dogo, halina vyuma, chupa zimelazwa ubavu mbali na dirisha, na dada aliyekuwa pale hakuniuliza nina pesa ngapi. Aliniuliza, "Mtaula na nini?"

"Samaki. Ngege wa kukaanga."

"Basi si mwekundu." Akainama chini ya kaunta akatoka na Leleshwa nyeupe, ya zabibu za Sauvignon Blanc, moja tu iliyobaki. Akaifunga kwa gazeti, akanipa onyo: "Kwa matatu usiiweke karibu na injini."

Ijumaa asubuhi nilipata kiti kimoja tu kilichobaki. Cha mbele, juu ya injini.

Niliipakata ile chupa kama mtoto mwenye homa. Salgaa, Mau Summit, Londiani, hewa bado ilikuwa upande wangu, na Kericho mvua ilitukuta ikatupoza sote. Dereva akauliza nimebeba nini. Nikamwambia dawa ya mjomba. Lakini baada ya Kericho barabara inateremka, majani ya chai yanabaki nyuma, na ukifika Awasi unavua sweta bila kuambiwa. Ahero, penye mashamba ya mpunga, nilishika shingo ya chupa nikahisi uvuguvugu wa chai ya saa nne.

Nikashuka Kisumu saa tisa na nusu. Kuna baa ya mvinyo upande wa Milimani niliyokuwa nimesifiwa, nikaona niipitie kabla ya kwenda kwa Nera. Mlango umefungwa. Askari akaninyoshea kidole kwenye saa yake: siku za kazi, baa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Ni ile sheria ya pombe ya 2010, ambayo watu wanaiita ya Mututho hadi leo. Na Mututho mwenyewe alikuwa mbunge wa wapi? Naivasha! Mji uliotupa zabibu ndio uliotupa na saa ya kuinywa.

Walipofungua niliagiza glasi ya mwekundu wa Afrika Kusini. Ukaja moto. Nikamwomba mhudumu ndoo ya barafu, akanitazama kama mtu aliyeomba sukari ya kutia kwenye ugali. "Mwekundu hauwekwi baridi, mkubwa," akanisahihisha kwa adabu. Nami naye hatukukosana. Amefundishwa kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, ila aliyemfundisha hakumwambia ni chumba cha nani. Kanuni hiyo ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Chumba cha Kisumu jioni ya Ijumaa kina mambo yake mengine. Mvinyo ukipata joto, kileo ndicho kinachotangulia puani, kinachoma, tunda halisikiki. Tukauzamisha robo saa. Uliporudi ulikuwa mvinyo mwingine kabisa, na meza ya jirani wakaagiza ndoo yao.

Jumamosi, stima ikapotea saa nne asubuhi. Friji ya Nera ikawa kabati. Chupa yangu, iliyosafiri juu ya injini, ilikuwa mezani kati ya soda, na wageni ishirini walikuwa njiani.

Nera hakushtuka. Kwenye kona ya veranda kuna dapi, mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, na maji yake huwa baridi kwa sababu udongo unatoa jasho: maji yanapenya taratibu, upepo wa ziwa unayakausha kwa nje, joto linaondoka nayo. Akaiosha chupa, akaizamisha hadi shingoni.

"Kwenye maji yangu ya kunywa?" mkewe akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mama, hata Kana walianzia kwenye mitungi ya maji."

Alipokuwa akisubiri akanisimulia juu ya mvinyo wa mapapai, uliotengenezwa na Kenya Wine Agencies, kampuni iliyoundwa na serikali 1969. Miaka ya themanini, mwalimu kijana aliyetaka kuonekana ameendelea aliweka chupa hiyo mezani. "Ulikuwa mzuri?" "Ulikuwa wetu," akasema, kisha akacheka sana. Halafu akaanza, kama kawaida yake, kunifundisha maneno: mvinyo tulipewa na Wareno, divai na Wafaransa, na ndiyo maana kanisani wanasema divai na baa wanasema mvinyo, ili Mungu asichanganye risiti.

Ngege walifika wakiwa wanalia mafuta, na ugali, na sukuma. Chupa ilitoka mtungini ikitiririka. Haikuwa baridi ya friji, lakini ilitosha. Ilinukia nyasi zilizokatwa asubuhi, na uchachu wake ulifanya kazi ya limau juu ya samaki. Kwa watu wengi hivyo kila mmoja alipata funda moja. Shemeji mmoja akauliza kama kuna sukari.

Nera alinywa lake polepole, akageuza chupa, akasoma karatasi yote mbele na nyuma, akitafuta neno Naivasha kwa kidole. Mkewe akamnyang'anya.

"Hii ni ya mafuta ya kupikia," akasema. "Na kifuniko chake mmekiweka wapi?"