Meza ya kuchomelea ya nyumbani: bamba limekaa juu ya bolti

Meza ninayotumia kwenye karakana yangu ya uani ina uso wa bamba la milimita 10, lenye upana wa 610 na urefu wa 1220. Uso huo haujachomelewa na fremu mahali popote. Umeshikwa na bolti sita ambazo naweza kuzipandisha na kuzishusha kwa spana. Fundi akiiona mara ya kwanza huuliza kwa nini sikupiga mshono kuzunguka bamba lote nikamaliza kazi. Sababu ni kwamba mshono ukipoa unasinyaa, na ukisinyaa unavuta. Ukichomelea bamba kwenye fremu kwa upande wa chini, kila mshono unavuta bamba kwake, na mwisho unabaki na uso wenye mabonde na vilima ambao huwezi kuunyoosha tena. Meza ya kuchomelea isiyonyooka haina faida kubwa kuliko sakafu ya saruji.

Nianze na bamba, kwa sababu ndilo linaloamua vipimo vingine vyote. Bamba zima la dukani ni futi 8 kwa 4, yaani 2440 kwa 1220. Likikatwa kwa kuvuka upande wa futi 4 linatoa vipande vinne vya 610 kwa 1220, ndiyo maana kipande cha saizi hiyo ni rahisi kukipata kwa wauza vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, bila kulazimika kununua bamba zima. Cha milimita 10 kina uzito wa takriban kilo 58, kwa hiyo watu wawili wanakibeba. Wengi hununua milimita 5 au 6 ili kupunguza gharama. Hapo kuna hesabu ya kuangalia: ugumu wa bamba dhidi ya kupinda unaongezeka kwa kipeo cha tatu cha unene, yaani ukiongeza unene maradufu, ugumu unapanda mara nane. Bamba la 6 lina ugumu usiofika robo ya ule wa bamba la 10. Pia linashika joto haraka, na ukishikiza kazi nzito juu yake linanyanyuka kufuata kazi.

Kabla ya kulipa, pima unyoofu. Chagua skwea paipu (paipu ya mraba) iliyonyooka kwa kuchungulia kwa jicho moja kutoka mwisho mmoja, iweke kwa ubavu juu ya bamba, kisha tazama mwanga chini yake. Igeuze upande wa pili upime tena. Kama mwanga umehama pamoja na paipu, iliyopinda ni paipu. Kama umebaki palepale, ni bamba. Mbonyeo wa milimita 1 au 2 kwa urefu wote si tatizo, bolti za katikati zitauvuta. Bamba lililojikunja kona kwa kona, au lenye kibonyeo kifupi cha ghafla karibu na ukingo, liache hapohapo. Kingo zilizokatwa kwa gesi huwa zimekuwa ngumu na zina matone ya chuma upande wa chini. Yasage kwa grenda kabla ya kufanya lolote, maana yatakudanganya kwenye vipimo na yatakukata mikono.

Fremu yangu ni ya skwea paipu 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 3. Nenda dukani na venia (kipimo cha unene), maana paipu inayoitwa ya 3 mara nyingi ukiipima unakuta pungufu, na ukuta mwembamba unatoboka haraka kwenye kona. Fremu ya juu ni 1100 kwa 500, ili bamba libaki limetokeza milimita 60 upande wa kichwa na 55 upande wa mbele na nyuma. Hiyo sehemu iliyotokeza ndiyo inayotumika kuliko zote, kwa sababu klampu inashika ukingo. Fremu ikienda sawa na ukingo wa bamba, utajuta kila siku.

Vipande ni hivi: viwili vya 1100, vinne vya 400 vya kuvuka (viwili mwishoni, viwili katikati), miguu minne ya 770, vifungo viwili vya chini vya 400 na kimoja cha nyuma cha 1000. Jumla ni mita 8.68, kwa hiyo paipu mbili za mita 6 zinatosha. Paipu ya kwanza inatoa vile viwili vya 1100, miguu yote minne na kipande kimoja cha 400. Ya pili inatoa vilivyobaki, na inakuachia karibu mita 3 za kutengenezea rafu ya chini. Kata miguu yote minne kwa kizuizi kimoja, usipime kila mguu kivyake kwa tepu.

Swali la kila anayeanza ni hili: utaunganishaje fremu iliyonyooka wakati huna meza iliyonyooka? Bamba lenyewe ndiyo meza. Lilaze sakafuni juu ya mbao tatu, lisawazishe kwa vipande vya mbao nyembamba mpaka lisicheze, halafu panga vipande vya fremu juu yake vikiwa vimeinuliwa na mabaki ya chuma bapa cha milimita 6. Bana kila kona kwa klampu. Waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye mashine) ubane kwenye paipu yenyewe. Mabaki ya chuma bapa yanazuia kona isiungane na bamba, na yanakupa nafasi ya kuona upande wa chini.

Shikiza kona nne, pointi moja fupi ya mshono kila kona upande wa juu tu, halafu pima kona kwa kona. Kwa fremu ya 1100 kwa 500 kila mshazari unapaswa kuwa 1208. Ukikuta mmoja ni 1210 na mwingine 1206, bana klampu ndefu kwenye ule mrefu uvute mpaka vilingane, kisha ongeza pointi za kushikiza. Guni (kipimo cha pembe mraba) peke yake haitoshi hapa: hitilafu ya nusu milimita kwenye guni fupi inakuwa milimita kadhaa ukifika mwisho wa paipu.

Kwa paipu ya 3 natumia rodi za 2.5 aina ya E6013 kwenye ampea 70 hadi 80. Zikizidi hapo kona inatoboka, zikipungua rodi inaganda na slagi (ganda la uchafu wa rodi) inanaswa ndani ya mshono. Sikamilishi kona moja kabla ya kwenda nyingine. Napiga mshono mfupi kona ya kwanza, nahamia iliyo mkabala nayo kwa mshazari, kisha mbili zilizobaki, na ninageuza fremu ili upande wa chini upate kiasi kilekile cha joto. Mishono yote ikipigwa upande mmoja, fremu inajikunja kuelekea upande huo. Sisi wa Pwani tuna tatizo lingine, unyevu. Rodi zilizolala wazi zinavuta maji, moto unarukaruka, mshono unatoka na vitundu. Ziweke kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, na zikishapata unyevu zianike juani kabla ya kazi.

Kuhusu umeme wa nyumbani, kwenye ampea 80 mashine ndogo ya inveta haina shida kubwa. Ukipandisha hadi 120 kwa rodi ya 3.25, plagi ya kawaida ya ampea 13 inaanza kuchemka, na waya mwembamba wa kuongezea unapunguza volti mpaka moto unakatika. Natumia waya wa milimita 2.5 za mraba, na siutumii ukiwa umeviringishwa kwenye koili yake, kwa sababu ukiwa hivyo joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka.

Sasa bolti sita, ambazo ndizo kiini cha meza nzima. Upande wa ndani wa fremu, kwenye kona nne na katikati ya kila paipu ndefu, nilichomelea masikio ya chuma bapa cha 50 kwa 6, kila moja lina tundu la 11. Masikio yanakaa milimita 20 chini ya uso wa juu wa paipu. Kwenye bamba kuna matundu sita yanayolingana nayo, yaliyochimbwa mdomo ili kichwa cha bolti kizame. Bolti ni M10 (kipenyo cha milimita 10) za kichwa bapa za kufungwa kwa ufunguo wa L, urefu 60. Vichwa vyake vina pembe ya nyuzi 90, wakati biti ya kawaida ya kekee ina ncha ya nyuzi 118, kwa hiyo mdomo uliochimbwa kwa biti ambayo haijanolewa upya unagusa kichwa ukingoni tu na bolti inalegea baada ya muda. Ama tafuta biti maalum ya kuchimba mdomo, ama noa ile kubwa ya 20.

Kila bolti ina nati tatu. Ya kwanza inakazwa chini ya bamba na kuifanya bolti iwe kitu kimoja na bamba. Ya pili inakaa juu ya sikio, hiyo ndiyo inayosukuma bamba juu. Ya tatu iko chini ya sikio, hiyo inavuta chini na kufunga. Kati ya bamba na paipu kunabaki nafasi ya milimita 8. Hatua ya uzi wa M10 ni milimita 1.5, hivyo robo mzunguko wa nati unapandisha au kushusha karibu 0.4.

Kwenye miguu kuna bolti za M16, vichwa chini, zinazopita kwenye kibao cha chuma cha milimita 6 kilichofunga mwisho wa mguu, na nati imechomelewa upande wa ndani kabla ya kibao kuwekwa. Nati ziwe nyeusi. Zile zinazong'aa zimepakwa zinki, na moshi wa zinki unaleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyohiyo. Kama huna nyeusi, ziloweke kwenye siki mpaka mng'aro uishe wote, suuza, kausha, ndipo uchomelee, tena mahali penye upepo.

Kusawazisha kunafuata mpangilio, na mpangilio ukivurugwa unazunguka na spana bila kufika. Kwanza miguu, meza isicheze kabisa. Pili, legeza bolti mbili za katikati, ufanye kazi na za kona tu. Weka skwea paipu mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa meza, chuchumaa, uchungulie juu ya ile ya karibu uone kama ya mbali iko sambamba nayo. Kama mwisho mmoja wa paipu ya mbali unaonekana umeinuka, bamba limejipinda, na kona ya upande huo ndiyo ya kushusha. Kisha weka paipu kwa urefu na uende kwenye bolti za katikati. Kipimo changu ni wembe wa hakso, ambao una unene wa kama 0.6: usipite popote chini ya paipu. Ukitaka zaidi, tumia karatasi ya daftari, lakini kwa mageti, grili na fremu za madirisha wembe unatosha. Baada ya kukaza nati za chini pima tena, maana kukaza kunahamisha.

Ethi usiifunge kwenye mguu. Bamba limekaa juu ya nyuzi za bolti, na umeme wa ampea mia ukilazimishwa kupita humo unapiga cheche kati ya nati na bolti, nyuzi zinaungua, na baadaye bolti haizunguki tena. Klampu ya ethi inabana bamba lenyewe, kwenye ukingo uliotokeza, pale niliposaga hadi chuma cheupe. Uso wa juu haupakwi rangi.

Kazi yenyewe siilazi moja kwa moja kwenye bamba. Nina vipande vinane vya skwea paipu ya 25, vyote vimekatwa pamoja, vinainua fremu ya dirisha ili klampu ipate pa kuingia na mshono wa chini usigande na meza. Kona za ndani zinafunga kila zinapopoa, kwa hiyo nikichomelea upande mmoja tu naacha kona wazi kidogo, milimita 1 kwa kila 300, kisha mshono unairudisha kwenye nyuzi 90. Kiasi hiki kinabadilika na ukubwa wa mshono, kipime kwanza kwenye mabaki. Sumaku za pembe ni nzuri kwa kushikilia tu. Ziondoe baada ya kushikiza, kwa sababu zikikaa karibu na mshono zinavuta moto pembeni na unachoma upande mmoja wa kiungo.

Matone yanayoruka yanabanduka kwa patasi bapa ikisukumwa karibu kulala. Grenda naikataza juu ya uso huu, kila ukiigusa inaacha kibonde kisichoonekana kwa macho ila wembe wa hakso unakipata. Jioni napaka mafuta mepesi ya mashine kwa kitambaa, kwani chumvi ya hewa ya huku inaleta kutu kwa usiku mmoja, na asubuhi nayafuta hadi pakauke kabla ya kuwasha mashine. Mafuta machafu ya injini sipaki: moshi wake unakaba kifua na yanaingia kwenye mshono.

Magurudumu sikuweka. Meza yenye vyuma juu yake ina zaidi ya kilo mia, na ukigonga kwa nyundo gurudumu linasogea hata likiwa na breki. Tena sakafu ya uani haiko sawa, hivyo kila ukihama lazima miguu ipimwe upya.