Magari 17

Jumamosi, siku ya kwanza ya msimu wa pili wa kuwinda elki kwa bunduki. Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshafika milima ya Flat Tops, jimbo la Colorado, Marekani, nikijisifu kwamba nimewahi. Nikahesabu magari pale njia ya mlimani inapoanzia: 17. Nyumbani Morogoro nilizoea kuhesabu magari stendi, si porini.

Elki ni kulungu wa huku, ila dume lake hupita kilo 300. Kibali cha kuwinda nilichonacho kinauzwa dukani bila bahati nasibu, kwa hiyo yeyote mwenye muda anacho. Na kundi la elki la hapa, la White River, ndilo kubwa kuliko yote jimboni, nani asije? Mwaka jana nilipanda kilomita 8 kichwa kichwa, na kila bonde nikakuta vizibao vya wawindaji vya rangi ya chungwa vimenitangulia. Mnyama naye si mjinga. Akisikia milango ya magari na mlio wa kwanza wa bunduki, anahamia kwenye ranchi ya mtu, ambako siruhusiwi kukanyaga, au anajichimbia kwenye msitu mzito wa mteremko wa kaskazini, atoke usiku kula.

Safari hii nikaanza kuwawinda watu. Nilibaki garini na chai yangu, nikitazama taa za vichwani zikipanda kwa msururu. Zote zilikwenda mbali. Hakuna hata moja iliyogeukia kikorongo chenye magogo yaliyoanguka, kama mita 500 tu kutoka barabarani. Pabaya kupita, tena hapana sifa: nani atasimulia kwamba aliwinda karibu na barabara?

Niliingia alasiri, nikakaa upande wa chini, maana jioni hewa ikipoa huteremka, na harufu yangu ingeishia barabarani. Mavi mabichi. Majani yaliyolaliwa. Zikiwa zimebaki dakika chache muda wa kisheria wa kuwinda uishe, akatokea jike na ndama, na nyuma yao mwili mkubwa, shingo nyeusi, kichwa ndani ya matawi. Sheria ya eneo hili inataka ncha nne kwenye pembe moja, au ile ya juu ya jicho ifike inchi 5. Nikahesabu mbili. Nikarudia, mbili, na giza likaingia. Nikatoa risasi kwenye bunduki, mikono ikitetemeka.

Kwenye maegesho mzee mmoja, amechoka hoi, akaniuliza kama nimeona chochote.

"Hata unyayo," nikamjibu.

Kesho narudi. Gari nitaliacha mbele kidogo.