Umo au Upo?

Jumamosi moja ya Julai 2023, katika ukumbi wa shule moja ya sekondari mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, nilivaa kwa mara ya kwanza fulana ya mistari ya mwamuzi wa mashindano ya roboti ya wanafunzi, nikakabidhiwa meza, saa ya kuhesabia dakika na penseli. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Roboti nilikuwa nimeziona tu mikononi mwa wanafunzi wa mwenzangu wa fizikia, na sababu ya kuitwa kwangu haikuwa ujuzi: waandaaji walihitaji mtu asiyekuwa na timu mashindanoni, anayeweza kueleza kanuni za Kiingereza kwa watoto wa Malaba na Busia, ambao wamekulia mpakani na ambao Kiswahili ndicho kinachowatoka kwanza mambo yanapokuwa mazito. Niliombwa zikiwa zimebaki siku tatu, nikakubali. Nilikuwa nimesahihisha mitihani kwa miaka mingi, nikajiambia kwamba uamuzi ni usahihishaji wa kusimama tu.

Kanuni tulizopewa zilikuwa kurasa sita, na zilikuwa zimeshonwa kutoka vitambaa viwili. Upande mmoja zilichota kutoka FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za watoto, ambako mchezo huchukua dakika mbili na nusu, vifaa vyote hutakiwa kutoshea katika eneo la kuanzia bila kupita kimo cha milimita 305, na mtoto anayeikamata roboti iliyokwama katikati ya uwanja hupoteza kimoja tu kati ya vidude sita vya usahihi, vyenye alama zake, alivyoanza navyo. Upande wa pili zilichota kutoka World Robot Olympiad, mashindano mengine ya namna hiyo, ambako dakika ni mbili, roboti inapoanza haipaswi kuzidi milimita 250 kwa urefu, upana na kimo, na kuigusa ikiwa safarini ni kuumaliza mzunguko wako. Kila kitabu kikisomwa peke yake kina mantiki yake: kimoja kinauruhusu mkono wa mtoto urudi mchezoni kwa gharama ndogo, kingine kinataka roboti ijitegemee hadi mwisho. Aliyevifupisha na kuvichanganya hakuwa mtu mbaya; nadhani alikuwa mtu mwenye vitabu viwili, usiku mmoja, na mashine ya kuchapishia iliyokuwa ikiishiwa wino.

Mshono ule ulianza kufumuka mlangoni, kabla hata ya saa tatu asubuhi. Ukumbi una milango miwili, na ukaguzi ulifanyika kwenye yote ili foleni ipungue. Mlango wa mbele palikuwa na sanduku la mbao la sentimita 25 kila upande, na roboti iliyoingia sandukuni ilipita. Mlango wa nyuma palikuwa na rula ya darasani ya sentimita 30 iliyosimamishwa wima juu ya dawati, na mkaguzi wa hapo aliangalia kimo peke yake. Timu moja ya wavulana kutoka Mbale ilipitia mbele, ikaambiwa kwamba mkono wa roboti yao umezidi kwa upana wa vidole viwili. Waliketi sakafuni wakaufungua mkono ule kipande baada ya kipande na kuufupisha, ilhali programu waliyoiandika kwa majuma kadhaa ilitegemea urefu wa awali, maana roboti ya aina ile haiuoni mzigo: inahesabu mizunguko ya magurudumu, inasimama, na kuamini kwamba mkono utafika. Hakuna aliyewaambia watembee hatua 40 hadi mlango wa nyuma. Mimi nilikuwa nikiwatazama na sikuwaambia, kwa sababu saa ile bado niliamini kwamba kila mlango una sababu yake.

Meza nazo zilikuwa mbili. Yangu ilikuwa karibu na dirisha linalotazama Mwamba wa Tororo, jambo lililonifurahisha mpaka jua lilipopanda na kuangukia nusu ya mkeka wa mchezo. Kitambuzi cha rangi kilicho tumboni mwa roboti hupima mwanga unaorudi kutoka chini, na mstari mweusi uliomwagiwa jua haufanani tena na mstari mweusi uliopimwa kivulini. Roboti mbili ziliuacha mstari zikaelekea ukingoni kama mbuzi waliokata kamba. Tulilifunika dirisha kwa leso mbili za mama mpishi, na hilo likaisha.

Lisiloisha lilikuwa neno moja. Kazi kubwa ya mchezo ilikuwa kusukuma mizigo minne, yaani vitalu vya plastiki, hadi kwenye mraba wa kijani uliochorwa mkekani, kila mzigo ukiwa na alama 20. Vitabu vyote viwili nilivyovitaja hutofautisha kitu kilichoingia chote na kitu kilichoingia nusu, na husema wazi ni kipi kinachotakiwa. Karatasi yetu, katika kufupishwa, ilikuwa imeliangusha neno la kutofautisha na kubaki na kile kihusishi cha Kiingereza chenye herufi mbili, “in”. Mwamuzi mkuu aliisoma kanuni hiyo asubuhi mbele yetu, akauliza kama kuna swali, nasi sote tukanyamaza kama watu wanaosubiri chai. Kweli tulikuwa tukiisubiri.

Timu ya nne mezani kwangu ilitoka Malaba, wasichana watatu na mvulana mmoja. Roboti yao ilikuwa ya polepole, haikuwa na mbwembwe, na kila ilipofika kwenye kona ilisita kidogo kama bibi anayevuka barabara. Mizigo mitatu iliingia vizuri. Wa nne ulisukumwa mpaka mstarini, na muda ukaisha ukiwa umekaa hapo, nusu juu ya kijani, nusu juu ya nyeupe. Nahodha wao, msichana wa kidato cha pili, aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na uso wa meza, akautazama mzigo kwa muda, kisha akaniuliza:

“Mwalimu, huu umo au upo?”

Nimefundisha -po-, -ko- na -mo- kwa miaka 11 na sijawahi kupata mfano uliouzidi ule. Kiingereza kilikuwa kimeridhika na herufi zake mbili na kutuacha sote na utulivu wa uongo; Kiswahili cha mtoto yule kilinidai nichague. Ukiwa umo, umezungukwa na mipaka pande zote. Ukiwa upo, umefika, unaonekana mahali pale, lakini hakuna aliyesema kwamba umeingia. Nilijibu haraka, kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo mfukoni: “Upo, lakini haumo.” Nikaandika alama 60 za mizigo. Alicheka, akatia sahihi kwenye karatasi ya alama, kwa kuwa kanuni zilitaka mwanafunzi mwenyewe atie sahihi kuonyesha kwamba amekubali, na baada ya sahihi malalamiko hayakupokelewa.

Sidhani kwamba nilikosea pale. Nalisema hili kwa sababu baadhi ya walimu walionisema baadaye walidhani kosa langu lilikuwa ukali.

Mchana tulikula chapati na maharagwe nyuma ya ukumbi. Mwamuzi wa meza ya pili, kijana aliyekuwa akisomea uhandisi Kampala, mpole na mwepesi wa kucheka, alisema kwa kupita tu kwamba kwake timu nyingi zimeimaliza mizigo yote minne. Kijiko changu kilisimama njiani. Nikamuuliza anauhesabuje mzigo uliokaa mstarini.

“Nauhesabu, ssebo,” alijibu, akiniita bwana kwa Kiganda. “Penye shaka mtoto apewe yeye.”

Kanuni hiyo haikuwa ya kubuni. Imo kweli katika kitabu cha kwanza, kwamba mwamuzi asipokuwa na hakika aelemee upande wa timu. Lakini shaka inayozungumzwa pale ni shaka ya jicho, pale ambapo unene wa uzi ndio unaoamua na watu wawili wenye macho mazima hawawezi kukubaliana. Mizigo yetu haikuwa na shaka ya namna hiyo, kwa maana nusu yake ilikuwa nje na hata mpishi aliiona. Kisichojulikana kilikuwa sheria yenyewe, na sheria isiyojulikana haiponywi kwa ukarimu wa meza moja. Nilimweleza hivyo, pengine kwa maneno mengi kuliko haya. Hakubishana. Alisema tu kwamba amekwisha kuamua timu tisa na karatasi zote zina sahihi.

Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, na ratiba ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Kumwendea mwamuzi mkuu kungemaanisha kuzifungua karatasi zote za asubuhi, zake au zangu, mbele ya walimu waliokwisha kupiga hesabu zao kwa simu. Kwa hiyo nikasema, na mpaka leo nalisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu: “Basi na mimi nitahesabu kama wewe.” Tukapeana mikono kama watu waliorekebisha jambo.

Mpaka saa ile ukumbi ulikuwa na sheria mbili, lakini kila moja ilikuwa imara mezani kwake. Baada ya chapati zikawa tatu: ya kwake, ya kwangu ya asubuhi, na ya kwangu ya alasiri. Kila timu ilirudia mzunguko wa pili kwenye meza ileile, na alama zilizohesabiwa zilikuwa za mzunguko bora. Betri ya timu ya Malaba ilikuwa imechoka, roboti yao ikapinda mapema kuliko ilivyopangwa, nao wakabaki na alama zao za asubuhi. Timu mbili baadaye, roboti ya wavulana kutoka Jinja ilisukuma mzigo wake wa nne ukasimama mstarini, karibu kabisa na pale uliposimama ule wa asubuhi. Nikaandika 80.

Yule nahodha alikuwa nyuma ya kamba ya watazamaji. Walimu hawakuruhusiwa kuzungumza na waamuzi, kanuni niliyoipenda na ninayoipenda bado, kwa hiyo mwalimu wake alibaki ukutani amefumbata mikono, naye akaja peke yake.

“Mwalimu, samahani. Ule wao umo?”

“Tumeamua kuuhesabu na ulio mstarini.”

“Tangu lini?”

“Tangu mchana.”

“Sisi tulicheza asubuhi.” Hakulitamka kama swali.

Nilimpeleka kwa mwamuzi mkuu, na hilo ndilo jema pekee nililolifanya alasiri ile, ingawa nililiharibu palepale. Mzee yule aliitoa karatasi, akamwonyesha sahihi yake, akamuuliza kama hakukubali. “Nilikubali nilichoambiwa,” alijibu. Kisha mzee akanigeukia, akauliza kama kuna kilichobadilika mezani kwangu. Nikasema kwamba tulisawazisha kidogo. Neno hilo halikuwa uongo, na ndiyo maana lilifaa. Linasikika kama kazi ya fundi anayepiga randa ubao, na hakuna anayemuuliza fundi ubao ulikuwaje kabla. Mzee alitikisa kichwa kuridhia, akairudisha karatasi kwenye jalada, akaendelea kujumlisha.

Timu mbili zilichaguliwa kwenda Kampala. Jinja walikuwa wa kwanza. Malaba walikuwa wa tatu, wakiwa nyuma ya wa pili kwa alama 10. Wavulana wa Mbale hawakushika mzigo hata mmoja kwa ule mkono uliofupishwa, na majina yao yaliposomwa karibu na mwisho hakuna aliyeshangaa isipokuwa wao. Juma lililofuata niliwaandikia waandaaji ukurasa mmoja, nikitaja sanduku, rula, neno lililoanguka na mapatano yetu ya chapati. Walinishukuru kwa maoni yangu.

Jioni ile, mvua ilipokatika, nilitoka nje nikiwa nimelibeba sanduku la mbao la ukaguzi kulirudisha karakana. Taksi ya kwenda Malaba ilikuwa imewasha injini langoni na watoto walikuwa wakipanda, roboti ikiwa mapajani mwa yule mvulana, imefungwa ndani ya sweta. Nilisimama. Nilitaka kumwambia nahodha wao kile ambacho sikumwambia mwamuzi mkuu, lakini kondakta alikuwa ameshika mlango, ana haraka, anahesabu vichwa kwa kidole.

“Nyote mmo?”

Msichana alikuwa na mguu mmoja garini na mwingine bado matopeni. Alinitazama, akalitazama na sanduku.

“Mimi nipo,” alimjibu kondakta. “Simo.”

Kisha akauinua mguu wa pili, na mlango ukafungwa.