Wikendi ya Moshi bila Kupanda Machame

Tumeamua. Oktoba hii mimi na mume wangu tunakwenda Moshi, tunalala huko Ijumaa na Jumamosi, na hatupandi Machame kwa mama mkwe.

Kwa mtu asiye na ukweni mlimani hilo ni jambo la kawaida. Kwetu limechukua muda kutamkika. Tunaishi Arusha, Moshi iko kilomita 80 tu, lakini tangu tuoane sijawahi kulala Moshi mjini hata usiku mmoja. Huwa tunakwenda kwenye msiba, ubarikio, harusi ya binamu, Krismasi. Tunafika njia panda ya Machame tunakata kushoto, gari limejaa mchele, sukari na mafuta ya kupikia, na Jumapili jioni tunashuka na mikungu ya ndizi. Ni safari ninazozipenda kwa moyo wote. Mama mkwe hunipokea kama binti yake wa kuzaa, na mtori wake sijaonja unaoufikia. Ila kule mume wangu ni kaka mkubwa, na kila mtu ana shauri naye: mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ada ya mpwa, mabati ya jiko. Mimi niko jikoni na mawifi. Tukikutana chumbani usiku tumechoka, tunaulizana tu kama watoto wamenawa miguu.

Kwa hiyo nilipomwambia, "Baba Neema, nataka wikendi yetu wawili," alinijibu haraka, "Twende wapi?" Niliposema Moshi, akanyamaza. Kisha akasema, "Nitapitaje pale njia panda, mama yangu yuko juu?"

Namheshimu sana kwa swali hilo. Sikutaka kumng'oa kwa mama yake, wala sikutaka tusafiri kwa kujificha, maana Moshi si mahali pa kujificha. Ukishuka tu stendi unakutana na jirani wa Machame amekuja kununua dawa ya ng'ombe, na kabla hujafika unakolala habari zimeshapanda mlima. Na Wachaga wana namna yao nzito ya kuomba radhi, ile ya kwenda na jani la isale mkononi. Mume wangu alisema hataki wikendi ya mapenzi imalizike kwa kutafuta isale.

Basi nikampigia mama mwenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za ng'ombe, habari za mvua. Kisha nikamwambia wazi: mama, mimi na mwanao tunataka kukaa siku mbili Moshi, peke yetu, tupumzike, tuzungumze. Watoto watakuwa kwa dada yangu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Baba yake na mimi hatukuwahi kupata siku mbili. Nendeni. Mkija Krismasi mtaniambia mlikula nini." Nilimshukuru mpaka sauti ikanikwama. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza, na nilimwona mabega yanashuka.

Tangu siku hiyo kupanga kumekuwa raha. Kila usiku tunatoa daftari, tunaongeza kitu, tunafuta viwili.

Rafiki zangu wananiuliza kwa nini Moshi na si Zanzibar. Fedha ni sababu, siwezi kuikataa, lakini hata ningekuwa nazo ningechagua Moshi. Ni mji unaoweza kuuzunguka kwa miguu mkiwa mmeshikana mikono, kuanzia mnara wa saa hadi sokoni, kisha jioni mkachukua bajaji kwenda Shanty Town kutembea chini ya ile miti mikubwa. Uko chini kuliko Arusha, kwa hiyo jioni mnakaa nje bila sweta. Na hoteli ya Arusha isingetufaa: ukilala Kaloleni wakati nyumba yako iko Njiro, akili inarudi nyumbani kila saa kuangalia kama geti limefungwa.

Chumba nimekitafuta kwa sharti moja: kiwe na dirisha au baraza la kuangalia kaskazini. Mlima tunao miaka yote, lakini tunauona kama watu wanaopita. Asubuhi mapema Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huwa wazi, kisha jua likipanda unyevu wa msituni nao unapanda na kuwa mawingu, na kufika saa nne au saa tano mlima umeshajifunika. Mara nyingi hufunguka tena karibu na machweo. Hizo ndizo saa ninazotaka tuwe tumekaa, si barabarani wala kwenye foleni ya chai. Nimejifunza kupiga simu badala ya kuamini picha: uliza dirisha la chumba hicho hasa linatazama wapi, na uliza bei ya mkazi, kwa sababu bei inayotangazwa mara nyingi imewekwa kwa wageni wanaokuja kupanda mlima. Oktoba tumeichagua kwa kuwa vuli huwa bado haijashika vizuri, na jakaranda huwa zimechanua. Aprili vyumba ni rahisi zaidi, ila masika huuficha mlima siku nzima. Desemba nisingethubutu: Wachaga wote wanarudi nyumbani, na nusu yao ni ndugu zetu.

Gari tunaliacha. Tutapanda Kosta asubuhi ya Ijumaa, maana mume wangu akishika usukani hazungumzi, na gari likionekana linakwenda Moshi litapewa mzigo. Nataka akae dirishani, tupite Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, anionyeshe mambo ambayo siku zote anayapita macho yakiwa kwenye lori la mbele.

Jambo ninalolisubiri kuliko yote ni dogo. Babu yake mume wangu alikuwa mkulima wa kahawa, akiipeleka kwenye chama cha msingi, na chama kikiipeleka KNCU, ule ushirika wa Wachaga ulioanzishwa mwaka 1933. Kahawa hiyo ndiyo iliyomsomesha baba mkwe. Lakini nyumbani walikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza, hakuna aliyeikaanga kwa ajili ya kuinywa mwenyewe. Nataka tupite mbele ya jengo la KNCU, kisha tutafute mgahawa unaokaanga kahawa ya mlimani, tuagize vikombe viwili, tukae muda mrefu. Nataka anisimulie habari za babu yake bila mtu kumwita nje kuangalia ndama. Najua hadithi hizo kwa vipande tu, kutoka kwa mawifi.

Safari ya nje ya mji tumeweka moja. Nilivutwa na chemchemi ya Chemka, maji yake yanavyong'aa kati ya mizizi ya mikuyu, lakini wikendi kule hujaa watu na muziki, na faragha ndiyo tunayoifuata. Tumechagua maporomoko ya Materuni, upande wa Uru, Jumamosi asubuhi tukiwahi. Maji yanaanguka karibu mita 80, na njia inapita kwenye vihamba vya watu, migomba juu, kahawa chini yake. Jioni tutakula chakula cha Kihindi, ambacho mume wangu anakipenda na nyumbani hatupiki.

Simu zitazimwa sauti. Kwa sasa tuna michango ya harusi mbili na msiba mmoja, na makundi ya kamati hayalali. Tumekubaliana kulipa tunachodaiwa Alhamisi, ili asiwepo wa kutukumbusha. Ada, kiwanja na paa la Machame navyo havizungumzwi hadi Jumatatu. Mume wangu aliuliza, sasa tutazungumza nini? Aliuliza kwa dhati, na nilimjibu kwa dhati: nataka kujua unaogopa nini siku hizi, na nini kinakufurahisha. Alikubali kwa kichwa, akaandika kwenye daftari.

Kilichobaki ni Jumapili. Yeye anataka tuwahi ibada ya kwanza mjini, kisha tutembee msitu wa Rau kabla ya kurudi. Mimi nataka tulale mpaka jua liingie chumbani. Malipo ya awali ya chumba nimeshatuma, dada amekubali watoto, na ukurasa wa Jumapili tumeuacha wazi. Kosta za kurudi Arusha zipo mchana kutwa.