Unatafuta kazi za kuhudumia ndege uwanjani? Usiishie kwenye mashirika ya ndege

Wapakiaji mizigo, wasafisha ndege na madereva wa trekta za mikokoteni mara nyingi huajiriwa na kampuni za huduma za uwanjani, zenye mkataba na mashirika ya ndege. Angalia majina kwenye magari na makoti ya wafanyakazi, kisha peleka maombi huko.

Wengi hukwama kwenye kibali cha usalama. Historia yako ya kazi, masomo na makazi huchunguzwa. Ulaya huangaliwa angalau miaka 5 iliyopita. Mwezi usio na maelezo huchelewesha kila kitu, hata kama hukufanya kosa lolote. Kwa hiyo andika tarehe kamili, na uwaarifu wadhamini mapema ili wajibu simu.

Leseni ya udereva inakuongezea nafasi kubwa. Sema wazi kama unaweza zamu za usiku. Mgongo nao uwe tayari: begi moja linaweza kufika kilo 32, na ndani ya ndege ndogo utapakia ukiwa umepiga magoti.

Wakikuuliza kuhusu usalama: ndege haisogelewi mpaka injini zizimwe, taa yake nyekundu ya tahadhari iache kumwekamweka na kabari ziwekwe magurudumuni.